Padri hakuwaoa, aliwafungisha ndoa

KILA mwaka ninapowapa wanafunzi wangu wa sekondari kazi ya kueleza harusi waliyohudhuria, hupata madaftari kadhaa yenye sentensi ya namna hii: "Padri aliwaoa kaka yangu na mchumba wake." Wengine huandika: "Gitifu aliwaahidi mbele ya bendera."

Mtu wa Tanga au Mombasa akiisoma sentensi ya kwanza atashika kichwa, maana kwa Kiswahili chake padri huyo amejitwalia wenzi wawili kwa mpigo, na mmoja wao ni mwanamume. Ya pili ataielewa kwamba Katibu Mtendaji wa sekta, ambaye sisi Rwanda tumezoea kumwita Gitifu, ametoa ahadi fulani, labda ya maji au ya barabara. Hatajua kabisa kwamba inayozungumzwa ni ndoa.

Wanafunzi hawa si wazembe. Wanachofanya ni kubeba kitenzi kimoja cha Kinyarwanda, "gusezeranya", na kukitafutia mwenzake katika Kiswahili. Kitenzi hicho kina kazi mbili. Ukisema mtu fulani "yansezeranyije" kitu, maana yake ni kwamba alikuahidi. Ukisema Gitifu "yasezeranyije" kijana fulani na mchumba wake, maana yake ni kwamba aliongoza sherehe ambayo wawili hao waliapiana kuwa mume na mke. Kiswahili kimezitenganisha kazi hizo mbili, na ya pili kimeipa neno lake: kufungisha ndoa.

Ndugu msomaji, unaweza kusema hili ni suala la sarufi, liachiwe walimu. Mimi nasema hapana. Katika nchi zetu hizi, kujua nani alifanya kitendo gani siku ya harusi kunaweza kuamua kama mjane atabaki katika shamba alilolilima au ataondoka.

Mzizi mmoja, maana mbili

Hebu tuanze na neno lenyewe. Mzizi wa "gusezeranya" ni "gusezera", yaani kuaga. Mgeni anapoondoka, "arasezera". Msibani, kabla ya jeneza kupelekwa makaburini, kuna saa maalumu ya "gusezera" marehemu kwa mara ya mwisho. Ukiongeza kiambishi cha kutendana unapata "gusezerana", ambalo ni kuagana na vilevile ni kuahidiana, na ndilo neno la maharusi wanapoapa. Kutoka hapo linazaliwa jina "isezerano". Biblia ya Kinyarwanda huliita Agano Jipya "Isezerano Rishya".

Sasa tazama Kiswahili. Kuaga ni kusema kwaheri. Kuagana ni kupeana kwaheri, lakini pia ni kupatana na kuwekeana ahadi. Kutoka hapo tunapata agano. Lugha mbili hizi zimetumia mizizi tofauti kabisa, moja "-sezera" na nyingine "-aga", lakini zimepita njia ileile: kutoka kwaheri hadi ahadi.

Mimi nimekulia uhamishoni, mkoa wa Kagera huko Tanzania, katika kaya za watu waliokimbia Rwanda kuanzia mwaka 1959. Shuleni tulifundishwa kwa Kiswahili, nyumbani tulisemeshwa Kinyarwanda. Kwa hiyo nililijua neno kuagana kabla sijajua kwamba "gusezerana" ni la harusi pia, na jambo hili limenikaa kichwani kwa miaka mingi. Maelezo niliyofikia ni ya kawaida tu. Watu wanaoshinda pamoja kutwa hawana haja kubwa ya kuahidiana. Anayehitaji ahadi ni yule anayeondoka na yule anayebaki. Mzee akisindikiza mgeni hadi njia panda, hapo ndipo maneno mazito husemwa: utarudi lini, utawaambia nini wa huko, nani atamtunza ng'ombe. Kwaheri na ahadi husemwa mahali pamoja na kwa pumzi moja.

Ndoa nayo ni hivyo hivyo. Kabla ya kuahidiana na mwenzake, mtu anaaga kwao. Watanzania wana sherehe nzima ya kumuaga binti, wanayoiita sendofu, ambayo hufanyika kwa wazazi wake siku chache kabla ya harusi. Kinyarwanda hakikuhitaji sherehe ya ziada kulisema hilo, kwani limo ndani ya kitenzi chenyewe.

Mwenye kitendo ni nani?

Turudi kwa anayeongoza sherehe. Kiswahili kina utaratibu mzuri wa kumtaja mtu wa namna hii. Kinachukua kitenzi cha wahusika wenyewe, kisha kinakiongezea kiambishi cha kusababisha. Rais anaapa, Jaji Mkuu anamwapisha. Waumini wanasali, kiongozi wao anawasalisha. Shahidi anakula kiapo, karani anamlisha kiapo. Bwana na bibi wanafunga ndoa, padri au msajili anawafungisha.

Kinyarwanda kinafanya vilevile. "Kurahira" ni kuapa na "kurahiza" ni kuapisha. "Gusezerana" ni kuahidiana na "gusezeranya" ni kuwafanya watu waahidiane. Maana yake ni kwamba katika lugha zote mbili kitendo chenyewe si cha kiongozi wa sherehe. Ni cha wale wanaoapa. Yeye anawafungulia mlango, anawauliza maswali yanayotakiwa, anasikia majibu, anatangaza na kuandika.

Jambo la kufurahisha ni kwamba dini zinakubaliana na sarufi hii. Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki la Roma, wanaopeana sakramenti ya ndoa ni maharusi wenyewe, na padri yupo kama shahidi rasmi wa Kanisa. Katika Uislamu, kiini cha nikaha ni ijabu na kabuli, yaani tamko la walii wa bibi harusi na jibu la bwana harusi, mbele ya mashahidi. Shekhe anayesoma hotuba na kuwaelekeza namna ya kutamka hawi mmoja wa wanaofunga. Na katika ofisi ya sekta hapa Rwanda, bwana na bibi kila mmoja hushika bendera ya taifa kwa mkono wa kushoto, huinua mkono wa kulia na kutamka kiapo kwa kinywa chake mwenyewe. Gitifu hawatamkii.

Kwa hiyo "padri aliwaoa" ni kosa mara mbili. Kwanza ni kosa la lugha, na pili linampa padri kitu ambacho Kanisa lake mwenyewe halimpi.

Kuoza, kujioza na kufungisha

Kuna kitenzi kingine kinachochanganywa na hiki, nacho ni kuoza, au kama wengine wanavyosema, kuozesha. Baba anamwoza binti yake. Hapa mtendaji ni familia. Kinyarwanda kinasema "gushyingira", na sheria zetu zimechukua mzizi huo huo kuiita ndoa "ishyingiranwa". Ni kitenzi cha wazee, cha mazungumzo ya kuomba mchumba, yaani "gusaba", na ya kutoa mahari, yaani "gukwa". Tena hilo la mwisho ndilo lililoipa harusi jina lake. "Ubukwe", neno tunalotumia kila Jumamosi, limetoka kwenye "gukwa". Mahari yenyewe ni "inkwano", na mkwe ni "umukwe".

Angalia basi jinsi kazi zilivyogawanyika. Wazazi wanaoza. Kiongozi wa dini au wa serikali anafungisha. Maharusi wanafunga. Kila mmoja ana kitenzi chake, na hakuna anayeweza kutumia cha mwenzake bila kuharibu maana.

Kinyarwanda kimeongeza kitenzi cha nne, na hicho ndicho kinachonisukuma kuandika makala haya: "kwishyingira". Ukitaka kukigeuza kwa Kiswahili utapata "kujioza". Ni hali ya kijana na msichana kuanza kuishi pamoja bila wazee kuoza na bila yeyote kufungisha. Siku hizi hata wale ambao wazee walikaa, wakanywa na kupokea ng'ombe, lakini hawakufika sekta, huhesabiwa kuwa hawajasezerana kisheria. Watanzania wana msemo wao wa kuishi kinyumba. Neno "kwishyingira" lina ukali zaidi, kwani linamwambia mtu kwamba amejipa kazi ya baba yake.

Ukivuka Rusumo, kitenzi hubadilika uzito

Waliorudi kutoka uhamishoni waligundua jambo moja la ajabu. Neno kufungisha lina nguvu tofauti kila upande wa mpaka.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa kufungwa kiserikali, kidini au kimila. Padri, mchungaji au shekhe mwenye leseni akifungisha, basi amefungisha mbele ya Mungu na mbele ya serikali kwa pamoja. Isitoshe, kifungu cha 160 cha sheria hiyo kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu.

Rwanda haiko hivyo. Ibara ya 17 ya Katiba ya mwaka 2015 inasema ndoa inayotambuliwa ni moja tu: ile ya kiserikali, ya mume mmoja na mke mmoja. Padri anaweza kuwabariki, kwaya ikaimba mpaka jioni, lakini kisheria anayefungisha ni msajili wa serikali. Ndiyo maana makanisa mengi huomba kwanza cheti cha sekta kabla ya kupanga siku ya ibada. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu husema "ndoa ya leta", na sisi pia katika Kinyarwanda serikali tunaiita Leta. Neno hilo moja linaeleza kila kitu.

Matokeo yake ni kwamba mtu aliyezoea utaratibu wa Kagera anaweza kudhani kuwa amefungishwa, kumbe kwa sheria ya Rwanda amebarikiwa tu. Na yule aliyekaa na mwenzake miaka kumi akitegemea muda umfungishie ndoa, atakuta kwamba hapa muda haufungishi.

Mjane wa jirani

Namfahamu mama mmoja katika kijiji ninachofundisha. Alitolewa kwao kwa heshima zote. "Gusaba" ilifanyika, ng'ombe wakaenda. Gitifu ndiye hakufikiwa. Kila mwaka mumewe alisema watakwenda baada ya mavuno, na kila baada ya mavuno palitokea ada ya shule au bati la kuezeka. Walizaa watoto wanne.

Kati ya mwaka 2009 na 2013 serikali iliendesha zoezi kubwa la kuandikisha ardhi nchi nzima, zaidi ya vipande milioni 10. Waliokuwa na cheti cha ndoa waliandikwa wote wawili katika hati, mume na mke. Wasiokuwa nacho walitegemea hiari ya mwenye shamba. Katika hati ya shamba la mama huyu liliandikwa jina moja.

Mume alipofariki, ndugu zake walisubiri kipindi cha kuomboleza kiishe, kisha wakaja na swali dogo: "Mlisezeranira wapi?" Hawakuuliza kama alilima, kama alimuuguza marehemu, au kama watoto ni wa ndugu yao. Waliuliza kuhusu kitenzi. Watoto, kwa kuwa baba yao alikuwa amewaandikisha, haki yao ya kurithi haikuguswa. Mama anaishi hapo mpaka leo kwa sababu ya watoto, si kwa haki yake mwenyewe kama mke. Hawezi kuliweka shamba dhamana ya mkopo, na kila mmoja wa watoto anapokua, yeye anakuwa mgeni zaidi katika nyumba aliyoijenga.

Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia ukatili wa kijinsia iliwagusa watu wa hali hii, kwa kuelekeza kwamba wanaoishi pamoja bila ndoa wafungishwe kisheria, na kwamba mwanamume mwenye wanawake zaidi ya mmoja agawane nao kwanza mali waliyochuma pamoja. Lakini kifungu hicho kinamfaa zaidi yule ambaye mwenzake yu hai. Maiti haifungishwi ndoa.

Tukumbuke pia kwamba siku ya kusezerana mbele ya serikali maharusi hawatamki kiapo tu. Tangu sheria ya mwaka 1999 kuhusu mali za wanandoa na urithi, ambayo pia iliwapa mabinti haki sawa ya kurithi, wanatakiwa kuchagua jinsi watakavyomiliki mali: kuchanganya yote, kuchanganya ile watakayochuma pamoja, au kila mmoja abaki na yake. Sheria hizo zimebadilishwa mwaka 2016 na tena mwaka 2024, lakini msingi umebaki kwamba chaguo hufanyika mbele ya anayefungisha. Asiyefungishwa hakuchagua chochote.

Anayegawa maneno

Leo ukienda kwenye harusi utamkuta mtu mwingine aliyeshika kipaza sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watanzania wamemtungia jina zuri, mshereheshaji, kutoka kusherehesha. Sisi tunamwita "umusangiza w'amagambo", kwa maana ya yule anayewagawia watu maneno kama mwenye karamu anavyowagawia chakula. Kwenye "gusaba" wapo pia wazungumzaji wakuu wawili: "umukwe mukuru" wa upande wa bwana harusi na "umusangwa mukuru" wa upande wa bibi harusi. Wanatupiana mafumbo, wanakataa na kukubali, watu wanacheka mpaka machozi.

Sina ugomvi na wasanii hawa. Nawapenda, na Kinyarwanda kizuri siku hizi husikika zaidi kwao kuliko mahali pengine. Lakini wao wanasherehesha, hawafungishi. Nimeona familia zikikopa kulipia hema, mapambo, wapiga picha na mshereheshaji mwenye jina, huku safari ya sekta, ambayo katika sehemu nyingi hufanyika siku ya Alhamisi, ikichukuliwa kama shughuli ya pembeni ya kwenda kugonga muhuri. Wapo wanaoiahirisha kabisa kwa sababu fedha za sherehe hazijatimia, kana kwamba Gitifu hawezi kufungisha ndoa bila keki. Ofisi za serikali za mitaa zimekuwa zikiandaa siku za kuwafungisha kwa pamoja watu walioishi miaka mingi bila cheti. Humo utawaona wazee wenye wajukuu wakishika bendera. Hawana hema wala picha za gharama, lakini wakitoka hapo wametoka na kitu ambacho baadhi ya maharusi wa Jumamosi hawana.

Ushauri wangu kwa wenzangu tunaotumia Kiswahili hapa Rwanda, hasa baada ya lugha hii kufanywa lugha rasmi mwaka 2017, ni kwamba tuvitunze vitenzi hivi kila kimoja mahali pake. Mzazi anaoza. Mwanamume na mwanamke wanafunga ndoa. Mshereheshaji anasherehesha. Msajili anafungisha. Kiongozi wa dini naye anafungisha mbele ya Mungu, na kama nchi yake inampa uwezo huo, mbele ya serikali. Gazeti likiandika vizuri, mwalimu akifundisha vizuri, msichana wa kijijini atajua aulize nini kabla hajabeba sanduku lake.

Na swali la kuuliza ni fupi: atakayetufungisha ndoa ni nani, na lini? Akijibiwa "baada ya mavuno", aulize mavuno ya mwaka gani. Wahenga walisema ahadi ni deni, na kila mwenye duka anajua kwamba deni lisiloandikwa ni gumu kulidai, hasa mdaiwa akishakufa.